Pwani ni Pale Maji Yanapokupwa

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari maana ya neno "pwani", naye atakujibu bila kusita kwamba ni nchi iliyo kando ya bahari. Jibu hilo halina kosa, na mtahini atalipa alama yake. Hata hivyo lina upungufu mkubwa, kwani limelisahau tumbo lililolizaa neno lenyewe. Pwani imetokana na kitenzi "kupwa". Ni pale maji yanapokupwa. Ni ule ukanda ambao alfajiri ni bahari na kabla ya adhuhuri ni nchi kavu, ambao samaki na kunguru huupokezana zamu mara mbili kila siku. Waliotuachia neno hili hawakuitaja bahari kwa upana wake, wala kwa chumvi yake, wala kwa rangi yake. Waliitaja kwa tabia yake ya kuondoka.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi tangu niliposafiri kwa mashua kutoka Lamu hadi mji wa Pate, tukawasili bandarini maji yakiwa yamekupwa. Nawaandikia hasa walimu na wanafunzi, kwa sababu naona kuna elimu inayotuponyoka hali maneno yake yote tungali nayo kamusini.

Wanafunzi wa fasihi wanaijua Pate kwa ajili ya Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoyalilia magofu ya mji huo. Wale wa historia wanaijua kwa masultani wake wa ukoo wa Nabahani. Lakini sijapata kuona kitabu cha shule kinachomwambia msomaji kwamba mji huu hauendewi kwa saa aitakayo mgeni. Uko kusini magharibi mwa kisiwa, ndani ya mkono wa bahari uliozingirwa na mikoko, na mbele yake yametanda mafungu ya mchanga na tope yanayoenea mbali. Maji yakijaa, mashua huja hadi karibu na nyumba. Yakipwa, anayetaka kushuka pakavu sharti aende Mtangawanda, upande wa magharibi, kwenye gati lenye maji ya kutosha, kisha ashike njia ya nchi kavu ambayo kwa miguu humla karibu saa nzima.

Siku ile ilikuwa tarehe tatu ya mwezi mwandamo. Tuliondoka Lamu saa mbili asubuhi, tukaupita mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakiwa yanaondoka lakini yangali na kina. Tulipotokea kwenye ghuba ya Manda nilidhani tutakwenda moja kwa moja hadi Pate. Badala yake nahodha, mzee wa Kibajuni mwenye maneno machache, alituvusha polepole, akatia nanga mbali na mikoko, akatoa mshipi akaanza kuvua. Tulikaa hapo muda mrefu. Jua lilipanda. Miongoni mwa abiria alikuwamo kijana mmoja wa kutoka bara, mwalimu aliyekuwa akienda kuripoti katika shule yake ya kwanza, ana godoro lililoviringishwa na sanduku la bati. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akasema, "Mzee wangu, mbona tunangoja na maji yanazidi kupungua? Si ingekuwa heri tuingie sasa hivi kabla hayajaisha?"

Mzee hakukasirika. "Mwalimu," akasema, "tukiingia na maji yatokayo, tukagusa, tutalala hapo hadi alasiri. Tukiingia na maji yajayo, tukagusa, yatatuinua yenyewe."

Kisha akarudi kwenye mshipi wake, na naamini alidhani amekwisha kusema yote. Kwa hakika alikuwa amekwisha. Mwenye chombo kidogo haogopi maji haba kama anavyoyaogopa maji yanayoondoka. Kugusa fungu wakati bahari inajaa ni shughuli ya subira fupi: abiria hutulia, hadithi moja huanza, na kabla haijakwisha chombo kimeelea. Kugusa fungu lile lile wakati bahari inakupwa ni kupoteza siku. Tena wapo waliofikwa na lililo zito zaidi. Chombo kilichopanda fungu kwenye kilele cha bamvua, siku ambayo maji yamefika juu kabisa, huenda kisiguswe tena na maji ya kutosha hadi bamvua lijalo, yaani karibu siku 15 baadaye.

Kiswahili kina kitenzi mahsusi cha msiba huu: kupwelewa. Chombo kimepwelewa, nahodha amepwelewa. Neno hilo huwaendea pia watu wa nchi kavu, kwani aliyekwama katika shida asijue la kufanya, naye husemwa kuwa amepwelewa. Wanafunzi wengi wanaijua maana hiyo ya pili, wakaitumia katika insha kama pambo. Ya kwanza hawaijui, na kwa hiyo hawaoni kwamba mtu aliyepwelewa hasemwi kuwa amezama wala kuwa amevunjika. Amewachwa na maji, naye atainuliwa yatakaporudi.

Karibu saa sita kasorobo maji yalisimama. Mzee aliitazama mizizi ya mikoko, ambako alama ya majimaji ilikuwa imekoma kushuka, akavuta nanga. Hapo ndipo nilipoelewa faida nyingine ya kufika maji yakiwa yamekupwa, ambayo sisi tusio mabaharia hatuifikirii kamwe. Bahari iliyojaa huficha kila kitu. Mwamba, fungu, kisiki cha mkoko, vyote hulala chini ya uso mmoja ulio sawa kama meza. Bahari iliyokupwa huonyesha mifupa yake. Mbele yetu njia ya maji ilionekana wazi, nyembamba, ikipinda baina ya tope upande huu na mchanga upande huu, kama njia ya mbuzi katika shamba. Mahali penye kina palikuwa na rangi nzito ya samawati; penye mchanga palikuwa na kijani cha kupauka; penye mwani na mawe pakawa na wekundu wa udongo. Mbali kidogo yangeyange alikuwa amesimama ndani ya maji. Mzee alinyosha kidole akacheka: ndege yule ni kipimo, kwani palipo na yangeyange aliyesimama, mashua haipiti.

Mashine ilizimwa na kuinuliwa, kwa kuwa mashine inayovuta tope hufa. Baharia kijana akashika upondo. Alisimama omoni akiuchoma chini kwa utulivu, akiusikiliza kwa mikono. Upondo ukiingia kwa ulaini, ni tope. Ukigonga, ni jiwe. Ukisagika, ni mchanga, na mchanga huo una tabia ya kuhama kila kusi na kaskazi. Tuligusa mara tatu. Mara ya kwanza mwalimu yule alishika sanduku lake kwa mikono miwili, kama mtu aliye tayari kuogelea. Mara ya tatu hakugeuka hata kutazama. Kila tulipogusa baharia aliuegemeza upondo, tukakaa kimya, kisha tukasikia maji yakipita ubavuni yakielekea mjini, na mashua ikatikisika ikaenda.

Hatua za mwisho tulishuka, ili kuipunguzia mashua uzito. Maji yalifika magotini na tope likafika kwenye vifundo vya miguu. Tulielezwa tusiinue miguu bali tuiburure, ili taa aliyejifukia mchangani asikie na kujiondokea, maana akikanyagwa mwiba wake ni adhabu. Hivyo ndivyo mwalimu mgeni alivyoingia Pate, godoro kichwani, akiburura miguu kama mzee wa miaka 90. Watoto waliokuwa wakiokota kombe walimwamkia kwa adabu zote bila kucheka. Huenda walicheka baadaye.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani mzee yule hakuwa akibahatisha. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, na kwa hiyo kila siku maji huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja; hilo ndilo bamvua, na katika pwani ya Kenya tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huweza kuzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupingana. Hayo ndiyo maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Kila kitabu cha jiografia kina maelezo haya, pamoja na mchoro wa jua, dunia na mwezi. Ambalo kitabu hakisemi ni kwamba katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Ndiyo sababu wanawake wa pwani wanaotafuta pweza na chaza huenda mwambani asubuhi siku za mwezi mwandamo na siku za mbalamwezi.

Anayeijua tarehe ya mwezi, basi, ana saa ya bahari mfukoni. Aanzie saa kumi tarehe mosi au tarehe 15, aongeze dakika 50 kwa kila siku iliyopita, atapata saa ya kujaa. Arudi nyuma saa 6 na dakika chache, atapata saa ya kupwa. Tarehe tano zimepita siku nne, yaani dakika 200. Maji yatajaa karibu saa moja na dakika 20 usiku, nayo yatakuwa yamekupwa baada ya saa saba mchana. Ni makadirio, na upepo au umbo la mlango huweza kuyasogeza, lakini ni makadirio ambayo watu wamesafiria kwa karne nyingi. Wazee wetu waliokuwa wakiuchunguza mwezi kwa ajili ya funga na sikukuu walikuwa kwa jicho lilo hilo wakiichunguza bandari.

Iko hesabu ya pili, nayo ningependa kila mwalimu wa hisabati aliye karibu na bahari aiandike ubaoni. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ikiwa kimo ni mita 3, saa ya kwanza huleta sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu pekee huleta 75. Mgeni aliyesimama kwenye fungu la mchanga akiona maji yanatambaa polepole hudhani ataendelea kuyaona yakitambaa hivyo hivyo. Watu wamekufa maji kwa dhana hiyo.

Historia nayo imejaa waliopwelewa. Karibu mwaka wa 1812 majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka Shela kwa nia ya kuutiisha mji wa Lamu. Waamu waliwashinda. Mapokeo yanasimulia kwamba waliposhindwa walikimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa juu ya mchanga, bahari imekwisha kuondoka, nao wakauawa ufuoni wakiwa na vyombo vizima visivyokwenda popote. Baada ya vita hivyo Lamu iliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na mlango ukafunguka kwa utawala wa Waomani katika pwani nzima. Nami hustaajabu kila nikisoma habari hizi, kwa kuwa watu wa Pate waliijua bahari hii kuliko karibu watu wote waliopata kuipita. Lakini vita havina subira ya kungoja maji, na anayepigana hatazami mizizi ya mikoko.

Miaka zaidi ya 300 kabla ya hapo, mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alikuwa akielekea Mombasa, na mojawapo ya meli zake, São Rafael, ikapanda fungu kabla ya mapambazuko mbele ya pwani ya Tanga ya leo. Maji yalipokupwa ikabaki kavu. Shajara ya safari hiyo inaeleza kwamba wenyeji walikuja kwa mitumbwi wakiwaletea machungwa yaliyowashinda ya Ureno kwa ubora, na kwamba maji yalipojaa meli ikaelea. Wenyeji wawili walibaki melini wakaenda nao Mombasa. Napenda kuifikiria asubuhi ile kwa macho ya watu wa mitumbwi. Hawakuona meli iliyoangamia. Waliona wageni waliopwelewa, watakaokaa hapo saa kadhaa na kwa hiyo wanaoweza kununua matunda. Januari 1499, katika kurudi, Wareno waliichoma moto meli hiyo hiyo kwenye mafungu yale yale, kwa kuwa mabaharia wao wengi walikuwa wamekufa na hawakuwatosha kuziendesha meli zote.

Watakuwapo watakaoniambia kwamba haya ni ya kale. Katika ghuba ile ile ya Manda tulimotia nanga, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwezi wa Mei 2021, nalo lina kina cha mita 17.5. Tena Halmashauri ya Bandari huchapisha majedwali ya maji kila mwaka, na kijana mwenye simu anaweza kuyasoma popote alipo. Yote ni kweli, nami sina ugomvi na bandari wala na jedwali. Lakini mita 17.5 za gati lile hazimsaidii mtu wa Pate, ambaye kila alitakalo kutoka Lamu hulipitisha juu ya tope lile lile la babu zake. Saruji, unga, vitabu vya shule, karatasi za mtihani, maiti wa kuzikwa kwao, vyote hungoja maji. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, naye akahitaji upasuaji, hujua kwamba hospitali kubwa iko Lamu na kwamba mashua iko, na mafuta yapo, na nahodha yu macho. Linalosalia kuulizwa ni maji yako wapi. Na jedwali, hata likiwa sahihi kwa dakika, halisemi njia imepinda wapi tangu kusi lililopita.

Lawama yangu, ikiwa ni lazima niitoe, naielekeza kwa namna tunavyofundisha. Katika somo la Kiswahili, "bamvua" na "maji mafu" ni msamiati wa kukaririwa, nao hupangwa katika orodha moja na majina ya viti na vyungu. Katika somo la jiografia, mambo yale yale hufundishwa kwa Kiingereza, kwa mchoro. Walimu wawili huingia darasa moja kwa siku moja, mmoja akifundisha neno bila jambo na mwingine jambo bila neno, na mwanafunzi wa Lamu au Vanga, ambaye baba yake anavyo vyote viwili, hutoka akiamini kwamba anayoyajua baba yake si elimu. Siku atakapoacha kumsikiliza baba huyo, hatukitii kiraka kitabu chochote cha kuliziba pengo hilo. Watunga mitihani wanayo nafasi hapa. Maswali ya hesabu yetu bado yamejaa matangi yanayojazwa na mifereji miwili huku mmoja ukivuja, nami sijawahi kukutana na mtu mwenye tangi la namna hiyo.

Nawapa walimu swali moja la kuanzia, walifanyie marekebisho wapendavyo. Ni tarehe tatu ya mwezi, saa tano asubuhi. Mgonjwa yuko Pate mjini. Mlango wa bandari umekauka, kimo cha maji siku hiyo ni mita 3, na mashua inahitaji mita moja ya maji ili ielee. Iwapo atabebwa hadi Mtangawanda, mwendo ni saa moja na mashua nyingine itakuwa tayari hapo. Je, abebwe, au angoje?